Bei na kumbukumbu za kompyuta: faili moja au mawili?

WAHENGA walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vyama vingi vya ushirika na wanunuzi wa mazao limo ndani ya kompyuta, nalo lina mipangilio ya aina mbili.

Ya kwanza ni mipangilio ya kazi: bei ya kilo, makato ya pembejeo, na neno la siri la kufungulia hesabu. Ya pili ni mipangilio ya kumbukumbu za matukio, yaani maagizo yanayoiambia programu iandike nini jambo linapotokea, wapi, na kwa kina gani.

Je, yote yakae katika faili moja?

Chukua mfano wa kituo cha kununulia pamba, msimu umepamba moto. Mizani inagoma kutuma uzito. Fundi anaitwa, naye anataka kumbukumbu ziandikwe kwa kina zaidi ili aone kosa lilipo. Kama faili ni moja, anafungua pia bei na neno la siri. Akifuta alama moja kwa bahati mbaya, programu inaweza kukataa kuwaka. Akigusa tarakimu ya bei, mkulima analipwa pungufu.

Kuna hasara nyingine. Programu za ASP.NET, mfumo wa Microsoft uliotoka mwaka 2002, hujiwasha upya faili lao la web.config linapobadilishwa, na kazi iliyokuwa ikiendelea inaweza kupotea. Maagizo ya kumbukumbu yakiwekwa katika faili la pembeni, chombo kiitwacho log4net kinaweza kuyafuata mabadiliko bila programu kusimama. Kwa programu za Java, Log4j 2 nayo inaweza kulikagua faili lake kila baada ya sekunde zilizopangwa.

Hata hivyo, si kila mtu anahitaji kutenganisha. Kwa duka lenye kompyuta moja na fundi mmoja, faili moja ni rahisi kunakili na kutunza. Mfumo wa Spring Boot, kwa mfano, unaruhusu mipangilio yote kukaa pamoja. Mafaili mawili nayo yana gharama: moja likisahaulika wakati wa kuhamia kompyuta mpya, programu inaweza kuendelea na kazi huku haiandiki kumbukumbu zinazotakiwa.

Kipimo kizuri ni idadi ya watu. Anayepanga bei akiwa si yule anayetafuta makosa, tenganisha.

Umuhimu wake huonekana siku ya malipo. Mkulima anasema alipima kilo 420, kompyuta inasema 402. Kama programu ilipangwa kuandika makosa tu, huenda hakuna alama ya nani aliingiza namba ile na saa ngapi. Kubadili mipangilio siku hiyo hakurudishi yaliyopita.

Kwa hiyo, kabla ya msimu kufunguliwa, viongozi wa chama wamwulize fundi mambo manne: maagizo ya kumbukumbu yako wapi, nani anaruhusiwa kuyabadilisha, nakala yake iko wapi, na kumbukumbu za zamani hufutwa lini ili diski isijae. Neno la siri lisiandikwe kamwe ndani ya kumbukumbu hizo.

Naye mkulima atunze stakabadhi yake ya karatasi. Kumbukumbu za kompyuta ni shahidi wa pili, si wa kwanza.