Utitiri wa Nyuki Katika Nchi za Baridi

Leo twataka kueleza habari za mdudu mdogo ambaye kila mwaka huangamiza mizinga mingi ya nyuki huko Ulaya na Marekani wakati wa baridi. Jina lake varoa, naye ni jamaa ya utitiri wa kuku na kupe wa ng'ombe. Jike lake lina rangi ya kahawia nyekundu, bapa kama kaa, na upana wake wapata milimita 1.5. Mtaona kuwa ni kidogo. Lakini mkimlinganisha na mwili wa nyuki, ni kama mtu aliyegandwa na papasi aliye sawa na sahani.

Asili yake ni Asia, kwa nyuki wa huko ambao wamezoeana naye tangu kale. Nyuki wa Ulaya walipopelekwa nchi hizo aliwahamia, kisha akasafiri pamoja na mizinga iliyouzwa toka nchi hata nchi. Alionekana Marekani mwaka 1987, Uingereza mwaka 1992 katika jimbo la Devon, na Australia, iliyojilinda kwa muda mrefu, mwaka 2022.

Mdudu huyu huzaa ndani ya masega. Jike hujipenyeza katika kijumba chenye jana muda mfupi kabla nyuki hawajakiziba kwa nta, na humo gizani hutaga yai la dume kwanza, kisha mayai ya majike. Jana la nyuki mtenda kazi hufungiwa siku 12 hivi, na la nyuki dume huzidi kidogo. Kwa hiyo utitiri hupenda zaidi vijumba vya madume, maana wapata nafasi ya kulea watoto wengi. Zamani wataalamu walidhani kwamba hunyonya damu tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa hula hasa shahamu ya nyuki, na katika kula humtia ugonjwa unaokunja mabawa.

Sasa sikilizeni vema, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Katika Uingereza nyuki aliyezaliwa wakati wa joto huishi majuma 6 tu, lakini aliyezaliwa kuelekea baridi huweza kuishi miezi 6, kwa sababu ameweka shahamu nyingi mwilini. Hao ndio wanaokusanyika kama mpira kumzunguka malkia, wakitetemesha misuli ya mabawa ili wapate joto, na kula asali ya akiba mpaka maua yarudi. Nao hulelewa tangu mwezi wa Agosti, wakati ambapo utitiri umekwisha kuwa mwingi na majana yanapungua. Basi kila jana huvamiwa, na nyuki hutoka hana shahamu ya kumfikisha hata Machi. Mwenye mzinga afunguapo wakati wa masika ya kwao hukuta asali tele na nyuki konzi moja wamekufa. Husema, "Baridi imewaua." La, walikwisha kuuawa tangu Agosti.

Kwa hiyo mfugaji mwangalifu hahesabu utitiri siku ya theluji, huhesabu mapema. Hutia nyuki kama 300 katika chupa yenye kifuniko cha wavu, huwanyunyizia sukari ya unga, na kuitikisa juu ya sinia jeupe. Utitiri huanguka, na nyuki hurudishwa mzinganini wakilambana sukari. Wakianguka 9, yaani 3 kwa kila nyuki 100, wafugaji wengi huona haifai kungoja. Hurina asali kwanza, ndipo huweka dawa ya mafuta ya zaatari, au asidi ifananayo na ile iliyomo katika chungu, ambayo mvuke wake hupenya hata vifuniko vya nta.

Mwezi wa Desemba, malkia akiwa ameacha kutaga na hakuna kijumba kilichozibwa, utitiri wote uko nje juu ya nyuki. Hapo hutumiwa asidi ya oksali, ile iliyomo pia katika majani ya mchicha. Huchanganywa na maji ya sukari, hudondoshwa mililita 5 katika kila nafasi baina ya masega, mara moja tu, na mzinga hufunikwa upesi. Ni dawa kali: mtu huvaa glavu na miwani, naye hufuata kipimo kilichoandikwa.

Je, kwetu? Mwaka 2009 utitiri huu ulionekana Kenya na Tanzania. Lakini nyuki wetu hawakufa kama wale wa Ulaya. Wao hutoa makundi mara kwa mara, huhama na kuacha masega yao pamoja na wadudu waliomo, na hutoana utitiri mwilini. Hivyo sisi twaona si vema kutia dawa mizingani bila shauri la bwana nyuki wa wilaya, na kuagiza malkia kutoka ng'ambo ni vibaya zaidi.

Mwanafunzi atakaye kumwona mdudu huyu avae nguo za kujikinga, aende na mrina asali wakati wa jioni, aombe kipande cha sega la nyuki madume. Afungue vijumba 20 au 30 kwa mwiba mrefu na kuyatoa majana taratibu. Jana ni jeupe kama maziwa. Akiona chembe nyekundu inatembea juu yake, ndiye.