Besi haisikiki? Jitengenezee priampu ndani ya gitaa

Kinanda kinalia, ngoma zinasikika hadi barabarani, mwimbaji anapasua anga. Besi je? Kuanzia makanisa ya Mtwapa hadi kumbi za harusi mjini Kilifi na hoteli za Watamu na Malindi, swali hili huulizwa wikendi baada ya wikendi. Lawama humwangukia mpigaji. Eti vidole vyake vilegevu, eti hajui kazi. Bendi ikipunguza watu, wa kwanza kuachwa ni yeye, kwa sababu kinanda kinaweza kupiga besi kwa mkono wa kushoto.

Mara nyingi vidole havina shida yoyote. Shida ni safari ya sauti kutoka kwenye gitaa hadi kwenye spika, na dawa yake ni kijibodi kidogo kuliko kiberiti, kinachotumia betri moja ya volti 9. Kinaitwa priampu. Kijana anayejua kushika pasi ya kulehemu anaweza kukitengeneza kwa siku moja, na vipuri vyake vyote huwa na bei ndogo kuliko seti moja ya nyuzi mpya za besi.

Sauti hupotelea wapi?

Chini ya nyuzi za besi kuna pikapu. Si lile gari la kubebea mahindi. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu yake, umeme kidogo sana huzaliwa ndani ya waya. Huo umeme ndio sauti yako.

Umeme huo hauna nguvu ya kusukuma mzigo. Ni kama mtu mwenye habari nzuri lakini sauti ndogo, halafu umtume akatangaze sokoni siku ya gulio. Amplifaya halisi ya besi imetengenezwa kwa kumwelewa mtu huyo: mlango wake una ukinzani mkubwa, kwa kawaida karibu omu milioni 1, hivyo haimlemei.

Lakini wangapi wetu hupiga na amplifaya ya besi? Wengi huchomeka moja kwa moja kwenye miksa, na mlango wa laini wa miksa huwa na ukinzani wa kama omu 10,000 tu. Waya wa pikapu peke yake unaweza kuwa na omu 8,000 hadi 12,000, na noti zinapopanda, koili hiyo hukataa kupitisha umeme zaidi na zaidi. Matokeo ni kwamba sauti inashuka, na ule mng'ao wa uzi unaoufanya mkono wako utambulike unazimika. Kinachobaki ni mvumo wa chini usio na umbo, ambao spika ndogo haziwezi kuutoa vizuri.

Ongeza na kebo. Kebo ya kawaida ya gitaa huwa na takriban pikofaradi 100 kwa kila mita. Ukisimama mita 6 kutoka kwenye miksa, una pikofaradi 600 zinazonyonya sauti za juu kabla hazijafika. Ndiyo maana besi moja inasikika safi nyumbani kwa kebo fupi na inakuwa tope ukumbini.

Wazo la zamani

Leo Fender alitoa besi yake ya Precision nchini Marekani mwaka 1951, na haikuwa na betri wala kijibodi. Mwaka 1976 ndipo kampuni ya Music Man, ambayo Fender alikuwa akiifanyia kazi wakati huo, ilipoanza kuuza StingRay, besi iliyotoka kiwandani ikiwa na priampu tumboni. Leo besi za aina hiyo huitwa aktivu, na bei yake humfanya kijana atafute pa kukaa.

Ilhali hakuna siri ndani yake. Hata sakiti ya kudhibiti besi na trebo inayotumika katika priampu nyingi ilielezwa hadharani na mhandisi Mwingereza Peter Baxandall katika jarida la Wireless World mwaka 1952. Sisi hapa tutaanza na kitu rahisi zaidi: hatua moja inayopokea sauti bila kuilemea, kuikuza mara 2, na kuisukuma nje kwa nguvu.

Vifaa

Kiini cha kazi ni aisii ya miguu 8 inayoitwa TL062. Ndani yake mna vikuza sauti 2, nasi tutatumia kimoja. Tumeichagua kwa sababu haina ulafi: hula takriban miliampia 0.4 tu. Betri nzuri ya alikalini ya volti 9 ina kama miliampia-saa 500, kwa hiyo utapata takriban saa 1,000 za kupiga. TL072 ina kelele kidogo zaidi ya chini, yaani ni tulivu kuliko mwenzake, lakini hula kama miliampia 2.8 na betri itaisha baada ya saa zisizofika 200. Ukikosa zote mbili, 4558 inayopatikana kwenye bodi za amplifaya na miksa zilizokufa ina mpangilio uleule wa miguu na itatosha kwa majaribio.

Vingine ni hivi:

- soketi ya aisii ya miguu 8, ili usiichome aisii yenyewe kwa pasi
- rezista 5 za 100k na moja ya 1M
- kapasita 2 za nanofaradi 100
- kapasita za mikrofaradi 1, 10, 22 na 100, moja moja
- diodi 1N4007
- kofia ya betri ya volti 9
- soketi ya jeki ya stereo
- kipande cha bodi yenye matundu

Kabla ya kutuma pesa Luthuli Avenue kule Nairobi, pitia kwa fundi wa redio mtaani kwako. Rezista, diodi na kapasita hizi zimo karibu katika kila redio iliyoachwa na mwenyewe.

Kuunganisha

Bodi inakaa kati ya vidhibiti vya volyumu na toni vilivyomo kwenye gitaa na soketi ya kutokea. Hivyo vidhibiti vyako vya zamani vinaendelea kufanya kazi, na siku ukichoka unairudisha besi ilivyokuwa.

Anza na umeme. Chanya ya betri inapita kwenye diodi, kisha inakwenda mguu wa 8. Diodi hiyo hula takriban volti 0.6, lakini itaokoa aisii siku utakapobandika betri kinyume gizani. Mguu wa 4 unakwenda kwenye hasi. Kati ya mguu wa 8 na wa 4 weka kapasita ya mikrofaradi 100 na moja ya nanofaradi 100.

Sasa tengeneza kituo cha katikati. Sauti hupanda na kushuka kama bembea, na bembea inahitaji nafasi pande zote mbili. Unganisha rezista 2 za 100k zikifuatana kutoka mguu wa 8 hadi hasi. Pale zinapokutana utapata nusu ya volti. Weka hapo kapasita ya mikrofaradi 22 kwenda hasi, ili kituo kitulie.

Sauti kutoka kwenye volyumu inapita kwenye kapasita ya pili ya nanofaradi 100 hadi mguu wa 3. Kutoka mguu huo weka rezista ya 1M kwenda kituo cha katikati. Usihofu kwamba kapasita hiyo ndogo itakula besi: ikiwa na rezista ya 1M, inaanza kukata chini ya hezi 2, nao uzi wa E ulio wazi uko hezi 41.

Ukuzaji unafanywa na rezista 2 za 100k. Moja inatoka mguu wa 1 hadi wa 2. Nyingine inatoka mguu wa 2, inapita kwenye kapasita ya mikrofaradi 1, hadi hasi. Hesabu ni 1 jumlisha 100 gawa kwa 100, yaani mara 2. Ukitaka zaidi, badilisha ile ya kwanza iwe 220k upate kama mara 3, ila pikapu zenye nguvu zinaweza kuanza kukwaruza.

Kutoka mguu wa 1, sauti inapita kwenye kapasita ya mikrofaradi 10, upande wa chanya ukitazama aisii, hadi ncha ya soketi ya jeki. Weka 100k ya mwisho kutoka hapo hadi hasi, ili isipige kishindo ukichomeka. Kile kikuza sauti cha pili tusichokitumia usikiache kikielea: unganisha mguu wa 6 na wa 7, kisha wa 5 upeleke kituo cha katikati.

Swichi ya bure iko kwenye soketi. Hasi ya bodi na ya gitaa zote zinakwenda kwenye mwili wa soketi, lakini waya mweusi wa betri unakwenda kwenye pete ya katikati. Ukichomeka jeki ya kawaida ya mono, pete na mwili hugusana na betri inawaka. Ukichomoa, inazima. Kwa hiyo usilale kebo ikiwa imechomekwa.

Pima kabla ya kupiga

Kagua lehemu yote, hakikisha hakuna matone yaliyounganisha njia 2. Bandika betri, chomeka jeki, kisha tumia testa. Mguu wa 8 uwe na volti 8.4 hivi. Mguu wa 1 uwe na nusu yake, karibu 4.2. Usipime kwenye mguu wa 3, kwa sababu rezista ya 1M inaweza kuifanya testa ya bei rahisi ikudanganye. Mguu wa 1 ukisoma 0 au 8, zima, kuna waya umekosewa.

Na kama unapiga kazi za kulipwa, ongeza swichi ndogo ya njia 2 yenye miguu 6, inayoruka bodi nzima. Betri ikifa katikati ya harusi, unabonyeza na kuendelea na sauti ya kawaida.

Mngurumo na chumvi

Umeme wa Kenya hutikisika mara 50 kwa sekunde. Noti ya G kwenye kitufe cha 3 cha uzi wa E ni hezi 49. Yaani mngurumo wa stima umeketi katikati ya eneo lako la kazi, na huwezi kuukata kwa toni bila kukata besi yenyewe. Lazima uuzuie mlangoni. Funika tundu la vidhibiti kwa utepe wa shaba, au karatasi ya aluminiamu ya jikoni, na uunganishe na hasi. Aluminiamu haishiki lehemu, kwa hiyo kaza waya kwa skrubu.

Halafu kuna bahari. Hewa ya Malindi na Kilifi ina chumvi na unyevu, na shaba isiyolindwa hugeuka kijani. Ukimaliza na kujaribu, safisha bodi kwa spiriti, iache ikauke, kisha upake upande wa lehemu rangi ya kucha isiyo na rangi. Usipake soketi wala kofia ya betri. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, tia kimoja kwenye mfuko wa gitaa. Na msimu wa kazi ukiisha, toa betri, kwa sababu ikivuja italamba kila kitu.

Usikate mguu wa ethi

Hapa hakuna mzaha. Priampu ya betri haiwezi kukuua, lakini amplifaya unayochomeka inaweza. Nyuzi za besi zimeunganishwa na mwili wa amplifaya kupitia kebo. Wapo wanaokata mguu wa tatu wa plagi, au kutumia ekstensheni isiyo na ethi, ili kuondoa mngurumo. Amplifaya hiyo ikipata hitilafu, umeme hutafuta njia kupitia vidole vyako, hasa ukigusa maikrofoni kwa midomo. Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alifariki hivyo jukwaani mjini Swansea, Wales, mwaka 1972, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi. Kama jukwaa lina jenereta na nyaya za kuungaunga, na ukisikia hata mwasho mdogo kwenye nyuzi, weka gitaa chini. Hakuna bosi wa hoteli anayestahili maisha yako.

Sauti ina soko

Muziki wa Pwani umesimama juu ya besi. Them Mushrooms walipotoa Jambo Bwana mwaka 1982, walikuwa wakitumbuiza katika mahoteli ya ukanda huu. Mzee Ngala wa Freretown aliipa Pwani bango, na bango bila besi inayotembea ni saksofoni inayozungumza peke yake. Katika chakacha ni vivyo hivyo: besi ikinyamaza, viuno navyo vinasita.

Kaskazi ikivuma wageni hujaa, na kazi za jioni huwa nyingi. Miksa za hotelini hazitabadilika kwa ajili yako, na besi ya kiwandani yenye betri huenda usiifikie mwaka huu. Lakini kijibodi hiki unaweza kukifikia. Ukitengeneza cha kwanza kikafanya kazi, mpiga besi wa kanisa jirani atakuuliza umefanyaje. Mtengenezee cha pili, mlipishe. Fundi wa vyombo vya muziki hahitaji kusubiri msimu.