Pembe ya Ugoro na Ufundi Wake
Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu wahariri walituomba tuandike juu ya kazi za mikono zinazofanywa kwetu nyumbani. Wenzangu wengi wamekimbilia vyondo na mizinga ya nyuki. Mimi nimechagua kitu kidogo kinachoenea kiganjani, nacho ni pembe ya ugoro. Kabla hujacheka, hebu nisikilize.

Ugoro ni tumbaku iliyokaushwa, ikasagwa pamoja na magadi mpaka ikawa unga laini. Kwetu huitwa mbaki. Siandiki haya ili uanze kunusa, la hasha! Ugoro una nikotini kama ilivyo sigara, na Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Ninachotaka kukieleza ni chombo chenyewe, maana kina akili nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Unga wa namna hii una adui mmoja mkubwa, yaani unyevu. Mfikirie mzee wa Nkubu au Runyenjes mwezi wa Julai, ukungu umeshuka na jua halijaonekana siku ya tatu. Akiufunga ugoro wake katika karatasi, baada ya muda si mrefu umekuwa donge. Akiutia katika kibuyu kidogo, siku kikianguka juu ya jiwe amepata hasara. Pembe haipenyezi maji, ni nyepesi, na ikianguka huokotwa, safari ikaendelea.

Kumbe watu wa mbali, ambao hata hawakutujua, walifikia uamuzi huo huo! Katika karne ya 18 wawindaji na askari wa Ulaya na Marekani walibeba baruti katika pembe za ng'ombe. Baruti ni mchanganyiko wa shura, salfa na mkaa, na ikilowa haiwaki. Wengine walichora juu ya pembe hizo ramani, majina yao na hata miaka ya vita. Huku kwetu wazee walikuwa watu wa mikuki, pinde na mishale ya sumu, kwa hiyo unga wa kulindwa haukuwa baruti bali ugoro.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Babu yangu mzaa mama anaishi Mbeere, si mbali na Ishiara, na likizo zangu nyingi huziishia chini ya mwembe wake nikimshikia vifaa.

Kazi huanzia kwenye kichinjio. Babu hachukui pembe yoyote tu. Ya ndama ni nyembamba mno, ya ng'ombe mzee sana ina nyufa. Yeye hutafuta ya maksai wa makamo, iliyo nzito kwenye ncha. Pembe tunayoiona kwa nje si mfupa. Tumefunzwa katika biolojia kwamba ni keratini, kitu kile kile cha kucha na nywele, nayo imeufunika mfupa wa ndani kama ala inavyofunika kisu. Ili kuutoa mfupa huo babu hulitumbukiza lote katika pipa la maji na kulisahau kwa wiki mbili. Utando ulio katikati huoza, kisha pembe hugongwa kwenye gogo mpaka mfupa uchomoke. Harufu yake, jamani! Nyanya alikwisha kuamuru pipa hilo likae nyuma ya zizi, na mimi namuunga mkono.

Baada ya hapo hukatwa kwa msumeno wa chuma, kiasi cha urefu wa kiganja kutoka nchani. Ncha yenyewe haina uwazi ndani, kwa hiyo hutobolewa kwa msumari uliotiwa moto mpaka ukutane na tundu. Hapo mahali pote hunuka nywele zilizoungua, ushahidi kwamba somo la biolojia halikutudanganya.

Lakini ukiniuliza mimi, ufundi wote uko kwenye kitako, yaani kipande cha mti kinachoziba upande mpana. Babu hukichonga kutoka kwa mringa, mti ule ule wa mizinga. Mdomo wa pembe si duara kamili, umekaa kama yai, na kila pembe ina yai lake. Fundi mwenye haraka huchonga duara na kujaza pengo kwa gundi. Babu huitia pembe katika maji yanayochemka mpaka ilegee kidogo, hukisukuma kitako ndani upesi, kisha huiacha ipoe. Ikipoa hujikaza na kukibana kitako kama meno ya mamba. Mshono hupakwa nta ya nyuki.

Halafu huja mtihani. Babu hujaza pembe maji na kuining'iniza usiku kucha juu ya gazeti kuukuu. Asubuhi akikuta hata alama ya tone moja, kitako hung'olewa na kazi huanza upya. Macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo siku hizi hupima mdomo wa pembe kwa kidole gumba tu, akachonga, akapima tena. Nimemwomba anieleze anachokisikia kwenye kidole hicho. Alinishika mkono, akanizungushia gumba langu kwenye ukingo wa pembe, basi. Hakuna neno aliloongeza.

Urembo huja mwisho, ingawa watu wa mjini ndio huuona kwanza. Pembe hukwaruzwa kwa kigae cha chupa, ikapigwa msasa, ikasuguliwa kwa jivu na mafuta ya mbarika mpaka ing'ae. Iliyo nyeupe ukiielekeza juani hupitisha mwanga, na mwenyewe huona ugoro umebaki kiasi gani bila kuifungua. Michoro huchanjwa kwa ncha ya kisu, kisha masizi yaliyochanganywa na mafuta husuguliwa juu yake ili mistari itokee nyeusi. Kizibo cha mdomoni hufungwa kwa ukanda wa ngozi kisipotee. Anayetaka makuu huongeza shanga na mkufu mwembamba, na kwa mikufu majirani zetu Wakamba wanasifika tangu kale.

Taabu iliyopo ni kwamba pembe zenyewe zinatoweka. Za wanyama pori hatuwezi kuzigusa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ni kali, hivyo hata pembe ya tandala iliyofaa kwa coro, baragumu lililoita watu vitani, haichukuliwi ovyo. Hilo sina ubishi nalo. Lakini na za ng'ombe je? Ng'ombe wa gredi ndio waliojaa Meru na Embu sasa, na ndama wao huchomwa machipukizi ya pembe wangali wadogo ili wasije wakaumizana. Pembe nzuri zimebaki kwa ng'ombe wa Kiborana wanaoletwa kutoka Isiolo, nazo kichinjioni hutupwa shimoni pamoja na kwato!

Na zile za zamani nazo zinaondoka. Mwaka jana alifika mnunuzi mmoja na gari lake, akizunguka boma hadi boma akitaka vigoda, vibuyu na pembe. Kwa pembe aliyoachiwa babu na baba yake alitaja pesa ambazo zingelipa karo yangu ya muhula mzima. Mama alinyamaza, nami nikanyamaza. Babu aliifungua, akamwagia ugoro kidogo katika kiganja cha mgeni kama adabu inavyotaka, akaifunga na kuirudisha mfukoni.

Nimemweleza babu kwamba Chama cha Kiswahili kingependa kumtembelea likizo ya Agosti. Amekubali kwa sharti moja. Kila atakayekuja aje na pembe yake, iliyokwisha kulowekwa na kutolewa mfupa huko huko kwao.