Nauli ya Mwakilishi

Mchongaji wa Tabaka anayewauzia wateja wa ng'ambo vinyago vya mawe ya sabuni, kupitia tovuti yenye jina linaloishia kwa .com, hulipia jina hilo kila mwaka. Ndani ya malipo hayo mna senti 20 za dola, yapata shilingi 26, zinazofika kwa ICANN, shirika la California linalosimamia majina na namba za intaneti duniani. Hadi katikati ya 2025 zilikuwa senti 18. Naanza na shilingi hizo kwa sababu watu wakiuliza nani agharamie sauti ya mtumiaji wa kawaida wa intaneti, huuliza kana kwamba fedha hazipo. Zipo, na zinatoka mifukoni mwetu.

Mkulima wa chai wa Nyansiongo au Kebirigo hahitaji somo hili. Hupeleka majani kituoni yakapimwa, na gharama za kiwanda, pamoja na za mikutano ya wakurugenzi aliowachagua, hutolewa kwenye mauzo ya chai hiyo hiyo. Huenda akalalamikia ukubwa wa makato, na ana haki, lakini mkurugenzi anajua ni majani ya nani yaliyomleta mkutanoni. Kwenye intaneti uzi huo umekatika, na inafaa kueleza ulikatikia wapi.

Mwaka 2000 ICANN ilijaribu jambo ambalo haijalirudia: iliwaruhusu watumiaji wa kila kanda ya dunia kumchagua mkurugenzi wao kwa kura ya moja kwa moja. Afrika ilimchagua Profesa Nii Quaynor wa Ghana. Kura zilizopigwa bara zima hazikufika 200. Baada ya hapo likaja suala la gharama. Mwaka 2001 kamati iliyoongozwa na Carl Bildt, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilipendekeza wapiga kura wawe wenye majina ya vikoa, yaani majina ya tovuti kama lile la .com, nao walipe ada. Tazama pendekezo hilo lingemfanya nini mama anayeuza ndizi Daraja Mbili. Ana simu, ana laini, hununua bando, hupokea malipo ya wateja kwa simu hiyo. Jina la kikoa hana. Angefungiwa nje. Pendekezo halikupita, lakini uchaguzi nao ulifutwa.

Mahali pake pakawekwa kamati ya ushauri ya watumiaji, yenye watu 15, watatu kutoka kila kanda. Chombo cha kanda ya Afrika, AFRALO, kiliundwa 2007. Tangu 2010 watumiaji wana kiti kimoja kati ya 16 vyenye kura kwenye bodi. Wanakamati hawalipwi mshahara. ICANN huwalipia tiketi za ndege na malazi. Nawaheshimu wanaojitolea hivyo. Hata hivyo, anayekulipia nauli ndiye unayepaswa kumkosoa, na bajeti ya safari hupitishwa na bodi yake. Huo ni udhaifu wa mfumo hata kama kila mmoja ndani yake ni mwadilifu.

Kujitafutia chanzo kimoja kikubwa nako kuna hatari yake. Internet Society, shirika la kutetea intaneti iliyo wazi kwa wote, kwa miaka mingi limeendeshwa hasa kwa mapato ya majina ya .org. Mwaka 2019 lilikubali kuuza usimamizi wa majina hayo kwa kampuni ya uwekezaji kwa dola bilioni 1.135. Mashirika yasiyo ya kibiashara duniani kote yalipinga, na Aprili 2020 ICANN ikakataa kuidhinisha mauzo hayo.

Kenya ina jukwaa lake la usimamizi wa intaneti tangu 2008, na Nairobi ilikuwa mwenyeji wa jukwaa la dunia 2011. Lakini kutoka Kisii hadi Nairobi ni takriban kilomita 300. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, kitanda cha usiku mmoja, na siku mbili za biashara iliyofungwa. Matangazo ya kuomba maoni ya umma nayo mara nyingi ni ya Kiingereza cha wanasheria, na mzee wa Nyamira angeyajadili vyema kwa Ekegusii redioni.

Fedha za kuziba pengo hilo tayari hukusanywa. Makampuni yenye leseni za mawasiliano hutoa asilimia 0.5 ya mapato yao ya mwaka kwa Hazina ya Huduma kwa Wote, na mapato hayo ni kredo na bando tunazonunua. Sheria ya Habari na Mawasiliano inataka hazina hiyo ieneze huduma, ijenge uwezo na ihimize ubunifu. Uwakilishi wa mtumiaji haukutajwa. Australia imeutaja: tangu 2009 ACCAN, shirika la watumiaji wa simu na intaneti, hupata ruzuku ya serikali inayofidiwa kwa tozo za makampuni ya mawasiliano, na makampuni hayo hayachagui litakalosemwa.

Msomaji wa Kisii na Nyamira, Bunge likiita tena maoni kuhusu Sheria ya Habari na Mawasiliano, mwandikie mbunge wako mstari mmoja: sehemu ya hazina hiyo itengwe kisheria kwa wawakilishi wa watumiaji, waliochaguliwa kaunti kwa kaunti.