KASHA DOGO LA KUWEKEA BARUA

Mwanafunzi wa bweni hana mali nyingi, lakini anazo barua. Simu haziruhusiwi shuleni, kwa hiyo habari nyingi za nyumbani hutufikia kwa karatasi. Barua hizo huzitia ndani ya madaftari, na madaftari yakiisha huishia jikoni kuwashia moto. Mimi ninazo barua sita za marehemu baba, wala hazitaandikwa nyingine. Kwa ajili hiyo nataka kuwaeleza wenzangu jinsi ya kutengeneza kasha la kuzitunza.

Watu wa Lamu na Unguja waliweka vitu vyao vya thamani katika makasha ya mbao yaliyopigwa misumari ya shaba. Letu ni la kadibodi. Vitakiwavyo ni kadibodi ya unene wa milimita 1, rula, penseli, wembe, unga wa ngano, na karatasi ya maua kama ile ya kufungia zawadi.

Kwanza, gundi. Koroga vijiko 3 vya unga katika vijiko 15 vya maji baridi mpaka madonge yaishe, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga. Ikiwa nzito, epua ipoe.

Pili, kata kadibodi ya sentimita 32 kwa 26. Piga mstari sentimita 6 kutoka kila ukingo, uondoe miraba minne ya pembeni. Kwaruza mistari kwa wembe bila kuikata, kisha kunja kuelekea upande usiokwaruzwa. Unganisha pembe kwa vipande vya karatasi na gundi.

Kifuniko hufanywa vivyo hivyo, ila kiwe kikubwa kidogo: kata sentimita 26.6 kwa 20.6, na mistari iwe sentimita 3 kutoka ukingo.

Tatu, kuvika. Paka gundi nyuma ya karatasi, ungoje dakika moja. Karatasi ikilowa hutanuka. Ukiibandika upesi itafanya mikunjo. Ilaze kwa kitambaa kikavu, ukianzia katikati kwenda pembeni. Ndani nako vika karatasi. Wengi huliacha jambo hili, kumbe ndilo kubwa: karatasi ikikauka hunywea na kuivuta kadibodi, na ikiwa iko upande mmoja tu, kasha hupinda. Likaushe kivulini siku nzima, maana jua hukausha upande mmoja kabla ya mwingine.

Mwisho, usiliweke sakafuni. Mchwa hula karatasi, na mende hupenda gundi ya unga. Liweke juu, mahali pakavu.

Sisi wa Kidato cha Nne tutaagana mwaka ukiisha. Atakaye kujifunza na aje bwenini kwetu Jumamosi baada ya kufua, akiwa na kadibodi yake. Gundi nitapika mimi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne