Kifimbo Kinacholiwa Badala ya Tangi

Hita ya bafuni kwetu ilianza kunguruma mwezi wa sita, kipindi ambacho Arusha mtu anaoga huku amejikunyata. Ukiiwasha, baada ya muda unasikia sauti mle ndani, kama birika linalokaribia kuchemka. Tukaizoea. Julai ikaanza kudondosha matone ya rangi ya kutu, na asubuhi moja tukakuta dimbwi sakafuni.

Fundi alizima swichi kuu, akapima kwa testa kuhakikisha umeme haupo, ndipo akafungua kifuniko cha chini. “Mzee, elementi nabadilisha, thamostati nabadilisha. Hili tangi limetoboka, halina dawa.”

Nikamuuliza kama haliwezi kuchomelewa. Akacheka. Tangi la hita yetu ni chuma kilichopakwa enameli kwa ndani, kama yale mabakuli ya zamani. Moto wa kuchomelea hupasua enameli, na kutu hurudi pembeni mwa kiraka. Anayekuahidi kulichomelea anakula hela yako tu.

Alipochomoa sahani iliyoshika elementi, yalimwagika magamba meupe kama maganda ya mayai yaliyopondwa. Ni chokaa ya maji ya kisima: joto huitenga na maji, ikaganda juu ya elementi na kujaa chini ya tangi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinguruma. Kando ya elementi ulining’inia waya mwembamba.

“Hii ilikuwa anodi,” akasema.

Anodi ni kifimbo cha magnesiamu, na kazi yake ni kuliwa. Enameli haikosi vinyufa, na maji yakikifikia chuma huanza kukitafuna. Lakini yakikuta magnesiamu imeunganishwa na chuma hicho, huanza na magnesiamu. Ni kafara ya tangi. Ikishaisha, zamu ya tangi inafika. Kifimbo hicho huuzwa peke yake, kwa bei ndogo sana kuliko hita mpya, na kwa maji ya kisima kinafaa kukaguliwa kila mwaka. Waya wa katikati ukijitokeza, weka kingine. Sisi tulikaa miaka saba bila kujua kuwa kipo. Kijitabu cha maelekezo, nakiri, nilikitupa pamoja na boksi.

Kosa jingine lilikuwa langu kabisa. Valvu ya usalama, pale maji baridi yanapoingilia, ilikuwa ikidondosha kila hita ikiwaka, nami nikaiziba kwa kipande cha mpira na waya. Fundi alipoiona alinyamaza kidogo. “Mzee, hapa mlikuwa mnaoga chini ya bomu.”

Lita 50 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa karibu robo tatu ya lita. Valvu hairuhusu ziada hiyo irudi kwenye simtanki, basi huidondosha nje. Matone ya wakati wa kupasha si ubovu; yakiendelea mfululizo hata hita ikiwa imezimwa, hapo mwite fundi. Thamostati ikikwama wakati valvu imezibwa, maji huzidi kiwango cha kuchemka yakiwa yamefungiwa, na tangi linaweza kupasuka.

Tukanunua mpya ya lita 50, elementi ya wati 1,500. Kuipasha hadi nyuzi 60 huchukua kama saa moja na nusu na kula yuniti mbili na ushee, jambo ambalo mke wangu, mnunuzi wa LUKU, alilipigia hesabu kabla hata haijafungwa ukutani.

Kabla ya kuiwasha, fundi alifungua bomba la moto hadi maji yakatoka bila kukohoa, maana elementi ikiwaka kwenye tangi tupu huungua. Kisha akaufuatilia waya wa ethi. Ulikuwa umeishia ndani ya ukuta, haujaunganishwa na kitu chochote. Akauvuta hadi kwenye fimbo iliyozikwa nje, akaukaza, akarudi bafuni na kuandika ubavuni mwa hita kwa kalamu nene: ANODI, na tarehe ya siku ile.