Kisu cha Kukunja: Loki Iwe Imara, na Ifungike bila Kukata Mkono

Kisu cha kukunja ni kifaa cha kazi kwa wakazi wengi wa kaunti. Mkulima hukitumia kupandikiza miche ya parachichi, fundi wa umeme huchunia waya, mvuvi hukatia nyuzi za nyavu, na mwenye duka hufungulia magunia. Makali hujificha ndani ya mpini, hivyo kisu hukaa mfukoni bila kumdhuru mtu. Lakini ubapa unaokunjwa unaweza pia kujikunja wenyewe vidole vikiwa njiani. Kinachozuia hilo ni loki, na loki hazifanani.

Kwanza ieleweke loki hufanya kazi lini. Mtu anapokata kamba kwa kukandamiza makali, nguvu ya mkono huusukuma ubapa uzidi kufunguka. Ubapa huegemea kizuizi kilicho ndani ya mpini, na loki karibu haina kazi. Mambo hubadilika anapotoboa mtungi wa plastiki kwa ncha, anapoizungusha ncha ili kupanua tundu, au anapochomoa kisu kilichonasa kwenye ubao. Hapo nguvu hugeuka na kusukuma kisu kijifunge, na kati ya makali na vidole hubaki loki peke yake. Ndiyo maana kisu kibovu kinaweza kutumika kwa miezi bila tatizo, kisha kikamkata mwenyewe siku moja anapotoboa mkebe.

Visu vingi vya bei ya chini havina loki kabisa. Springi iliyo mgongoni mwa mpini huushikilia ubapa, nao hulia "tak" unapofunguka. Wengi hudhani mlio huo ni wa loki. Kisu cha namna hii kinatosha kumenya chungwa au kukata uzi, lakini hakifai kutoboa chochote.

Loki ya mgongoni ni chuma kirefu chenye kijino mbele. Ubapa ukifunguka, kijino hutumbukia ndani ya pengo lililochongwa kwenye kitako chake. Ikiwa imechongwa vizuri, loki hii ni imara sana. Kuilegeza ni kubonyeza mgongo wa mpini, mara nyingi kwa mikono miwili, jambo linalomchosha anayefunga kisu mara nyingi kwa siku. Adui yake ni uchafu: mchanga au utomvu ukijaa kwenye pengo, kijino huingia nusu tu.

Loki ya bamba la pembeni ndiyo nyepesi kwa mkono mmoja. Bamba jembamba la chuma huruka na kusimama nyuma ya ubapa, kisha kidole gumba hulisukuma kando wakati wa kufunga. Wakati huo kidole hicho kiko kwenye njia ya makali, kwa hiyo kiondolewe ubapa ukianza tu kushuka. Bamba lililochakaa huweza kuteleza mpini unapopindwa kwa nguvu.

Kuna pia pete ya kuzungusha, kama ya Opinel, kisu cha Ufaransa kilichoanza mwaka 1890 na kuongezewa pete mwaka 1955. Hushika vizuri, ila haijifungi yenyewe. Anayesahau kuizungusha hana loki. Okapi, kilichoanza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe Afrika na ambacho sasa hutoka Afrika Kusini, huwa na aina yenye meno na pete ndogo ya kuvuta mgongoni. Hicho kifunguliwe mpaka jino la mwisho.

Loki ngumu kupita kiasi nayo si salama. Mtu mwenye mikono yenye mafuta au samaki akishindwa kuilegeza, huanza kulazimisha kwa goti au kwa meno, na hapo ndipo hukatika. Kabla ya kununua, afungue na kufunga kisu mara kadhaa palepale dukani. Kisha ashike mpini kwa pande zake, vidole vyote vikiwa nje ya njia ya ubapa, na kusukuma mgongo wa ubapa polepole. Ukicheza au kurudi, akiache. Kugonga kisu juu ya jiwe ili kukijaribu huiharibu loki yenyewe.

Nyumbani, mswaki wa zamani na tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo vinatosha. Loki iliyoanza kuteleza isifungwe kwa mpira wala kupigwa nyundo. Kwa kazi ya kutoboa kila siku, kisu kisichokunjwa, chenye ala, ni bora kuliko loki yoyote.

Wakazi wanakumbushwa kuwa kisu kibebwe kwa sababu ya kazi. Chini ya Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, ni kosa kupatikana na silaha hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya uhalifu.

Aliyekatika akandamize jeraha kwa kitambaa safi hadi damu ikome, alioshe kwa maji safi yanayotiririka, kisha afike kwenye zahanati kuulizia sindano ya pepopunda. Kidole kisichokunjika au chenye ganzi baada ya kukatwa huenda kano au neva yake imekatika, na kinahitaji hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo.